Hatua Ishirini Kutoka Kisimani

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili sikulinunua mimi. Amenipa Abdulrazak, mpima ardhi mstaafu anayekaa huko juu barabarani, mzee wa miaka sitini na sita mwenye akili ya mtoto wa darasa la tatu. Alinunua mawili. Moja la mchezo wake, na la pili akaniwekea barazani: "Mama Allen, wewe una maneno mengi. Yaandike, utupumzishe masikio." Haya bwana, nayaandika.

Mimi ni Winifrida, Mama Allen kwa majirani, miaka sitini na moja, mkulima wa mchicha katikati ya jiji. Watu wakisikia shamba Dar wanacheka. Waje waone. Ukishuka kutoka Kariakoo kuelekea bonde la Jangwani, kuna nyumba kuukuu ya vigae vyekundu, baraza pana, ngazi tano za mawe na kisima mbele yake. Hiyo ndiyo. Baba aliinunua mwaka sabini na moja kwa Mhindi aliyekuwa akifuga ng'ombe wa maziwa hapa. Matuta ya mchicha, matembele na bamia yanashuka hadi bondeni, na kuzunguka kisima baba alipanda masale aliyoyatoa kwetu Kibosho, Moshi, maana Mchagga asipoyaona masale hajui mpaka wake uko wapi.

Sasa huo mchezo wa Abdulrazak. Anaficha kopo mahali, anaandika kwenye mtandao namba za mahali hapo, na watu wanazifuata kwa simu mpaka walione. Wakilipata wanaandika jina kwenye daftari lililomo, wanachukua kitu kimoja na kuacha kingine. Basi. Hakuna mshindi. Watu wazima hao! Anataka kulificha kwangu, eti watu waione nyumba kabla haijaanguka. Nimemwambia ataanguka yeye kwanza.

Jumanne, 5 Machi

Mvua bado. Abdulrazak kaja tena. Nimekataa tena.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekubali. Nitaeleza kwa nini, kwa sababu hata Severa ameshangaa, na Severa amelima nami hapa miaka kumi na miwili, ananijua.

Abdulrazak alikuja baada ya sala ya Ijumaa na simu yake mkononi, akasimama kisimani, akaanza kutembea kwa hatua huku akihesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Nilikuwa napalilia. Nikasimama na jembe langu. Nilimwona baba, wallahi, na mimi si Mwislamu.

Baba alikuwa akifanya hivyohivyo. Jumamosi jioni akirudi kutoka sokoni alikuwa na pipi ndani ya kopo la kahawa. Analificha shambani, halafu anatuita mimi na mdogo wangu Rogath barazani: "Hatua ishirini kutoka kisimani, uso uelekee jua linakozama, halafu tano mkono wa kulia." Tunakimbia tukisukumana. Hatua zetu fupi, zake ndefu, kwa hiyo tulikuwa tunakosea kila mara, na yeye anacheka mpaka anashika nguzo ya baraza. Sheria ilikuwa moja. Aliyepata ndiye anayegawa mafungu, na asiyepata ndiye anayechagua kwanza. Ikibaki moja, ni ya baba. Anajifanya haitaki, kisha anaila.

Nikamwambia Abdulrazak, "Weka. Lakini mtu akikanyaga mchicha wangu nitamkimbiza na fagio."

Ameliweka kati ya masale, upande wa jua linakozama. Sikumwambia kitu.

Jumanne, 12 Machi

Waislamu wameanza kufunga. Abdulrazak amepita na midomo mikavu, bado ana nguvu za kunitania kwamba Mchagga hawezi kufunga kwa sababu hajui kukaa bila kutafuna faida.

Jumamosi, 16 Machi

Wamekuja watu watatu, vijana wa ofisini, viatu vyeupe. "Shikamoo mama, tunatafuta kificho." Nikawaangalia tu. Walizunguka kisima saa nzima, simu juu, simu chini. Walipolipata walishangilia kama wamefunga goli. Wamenunua mafungu sita ya matembele. Severa anasema mchezo huu si mbaya.

Wakaniuliza hayo majani marefu ya mistari ni mapambo gani. Mapambo! Nikawaambia: haya ni masale. Kwetu, ukimkosea mtu, unakata jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Halikataliwi. Hata kama umemchomea nyumba, akiliona lile fundo lazima akae chini mzungumze. Binti mmoja akasema, "Mama, hiyo si ingemaliza vita vyote?" Nikasema, ingemaliza kama wanaostahili kuleta wangeleta.

Nilikuwa namsema Rogath.

Nimeanza, basi nimalize. Miaka tisa iliyopita baba alikwenda Kibosho Krismasi, kama Wachagga wote, akaugua moyo akiwa kule kwa Rogath. Daktari alikataza asisafiri. Rogath akampandisha basi. Baba alifika hapa amevimba miguu, akakaa barazani siku mbili, siku ya tatu asubuhi akafa kwenye kiti chake. Tulipompeleka kumzika, mbele ya ukoo mzima na padre, kaburi halijafunikwa, nikamnyooshea Rogath kidole nikasema, "Wewe ndiye uliyemuua baba." Hakujibu hata neno. Mtu asiye na hatia angejibu. Tangu siku hiyo sijakanyaga Kibosho. Krismasi tisa. Desemba Kariakoo inabaki tupu, wenzangu wote wamepanda kwenda nyumbani, mimi nipo hapa na mchicha.

Namsubiri alete isale lake. Ndiyo hivyo.

Jumatano, 20 Machi

Mvua ya kwanza ya kweli. Bonde limejaa, maji hayajagusa ngazi ya kwanza.

Jumapili, 24 Machi

Herufi leo zitasomeka zitakavyosomeka.

Leo ni Jumapili ya Matawi. Nimerudi kanisani na tawi langu, nikaenda kisimani kuteka maji, na macho yakaangukia lile kopo. Limefungwa kwa isale. Jani bichi, limezungushwa, na juu yake fundo.

Nilikaa chini palepale kwenye matope na gauni la kanisani. Nikafungua daftari la kopo. Jina la mwisho halipo, kuna maneno tu: "Nimetoka Moshi. Asante." Nani mwingine, niambieni, nani mwingine katika jiji hili atoke Moshi, aje kwenye kisima cha baba yangu, afunge fundo kwenye isale? Kaona aibu kunifuata uso kwa uso. Rogath alikuwa hivyo tangu mtoto.

Nililia. Nilicheka pia. Severa alikuja mbio akidhani nyoka. Nikaingia ndani, nikachukua simu, nikapiga namba ambayo sijaipiga miaka tisa.

"Rogath, ni mimi."

"Najua," akasema. "Namba yako sijaifuta."

"Nimelipokea. Nimekusamehe."

Nikasikia ng'ombe wake akilia kule nyuma.

"Umenisamehe nini, dada?"

"Si umeniletea isale? Hapa kisimani?"

"Sijaja Dar. Sijaleta kitu." Akavuta pumzi. "Na sina nilichokukosea."

Akakata.

Jumatatu, 25 Machi

Ni Abdulrazak! Mzee huyu Mungu atamlipa. Mfuniko wa kopo ulilegea, hakuwa na kamba, akachuma jani lililokuwa karibu akafunga. "Mama Allen, lilikuwa imara, nikafikiri jani zuri hili." Mtu wa pwani, atajua nini. Aliyetoka Moshi ni mwanafunzi wa chuo, alimwandikia kumshukuru.

Nimemtukana matusi yote ninayoyajua na mengine ya Kikibosho. Alisimama kwenye mvua na swaumu yake, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Nimekosa. Lakini jana Severa ameniambia ulicheka. Mimi nimekujua miaka kumi, sijawahi kukuona unacheka hivyo."

Nimemfukuza.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Ngazi ya kwanza imelowa. Sijaongea na mtu.

Ijumaa Kuu, 29 Machi

Njia ya Msalaba leo nimesimama vituo vyote kumi na vinne na sikusikia hata kimoja. Nilichokuwa nasikia ni "Umenisamehe nini, dada?"

Hakusema kwa ukali. Hilo ndilo linalonimaliza. Alisema kama mtu aliyechoka.

Nimekaa barazani jioni hii kwenye kiti cha baba na nikajaribu kukumbuka siku ya maziko kama nilivyokuwa, si kama ninavyoisimulia. Rogath alikuwa ameshika koleo. Niliponyoosha kidole, koleo lilimponyoka. Watu wakamtazama. Wanawe walikuwa pale, mkubwa hajafika miaka kumi, wanamtazama baba yao anaitwa muuaji na shangazi yao. Akaliokota koleo akaendelea kufukia. Mimi nilisema kile kimya ni hatia. Miaka tisa nimesema hivyo. Ninyi mnaosoma, kama mpo, mngejibu nini mbele ya kaburi la baba yenu?

Aliyekosa ni mimi. Nimeandika, siwezi kulifuta, kalamu ni ya wino.

Jumamosi, 30 Machi

Asubuhi nimekata isale, jani la katikati, nikalifunga fundo. Mkubwa kumfungia mdogo isale, jamani! Mama angekuwa hai angeziba uso. Nimelifunga kwenye gazeti, nikaandika jina la Rogath na namba yake, nikapeleka kwenye basi la Moshi.

Kijana wa vifurushi: "Mama, ndani kuna nini?"

"Jani."

"Jani?" Akaniangalia juu mpaka chini, kanga, rozari na yote. "Mama, hata wewe?"

Ikabidi nifungue mbele ya abiria, aone si bangi. Mama mmoja wa Kichagga kwenye foleni aliliona lile fundo, akajishika mdomo. Akamwambia kijana, "Lipokee hilo, na usiliweke chini ya mizigo." Akanishika mkono.

Jumapili ya Pasaka, 31 Machi

Kristo amefufuka. Simu imelala.

Jumatano, 3 Aprili

Kimya. Bamia zimeoza kwa maji.

Jumamosi, 6 Aprili

Kimya. Ngazi ya pili.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Abdulrazak ameleta pilau kwenye bakuli lenye mfuniko, ameliweka barazani akataka kuondoka. Nikamwambia, "Kaa, mzee, usinionee aibu." Tumekula. Nikamweleza yote, maziko, kidole, kifurushi. Akauliza, "Na likifika, hawezi kukataa?" Nikasema hawezi kukataa kuzungumza, lakini hakuna sheria inayosema lini. "Basi," akasema, "wewe umeweka alama yako. Mpima akishaweka alama anangoja."

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Kimya. Ngazi ya pili bado.

Alhamisi, 25 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio, nimechoka sana.

Saa moja asubuhi, maji yakiwa yamerudi bondeni, Severa na mimi tulikuwa tunavuna mchicha uliobaki kabla haujazama tena. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo tangu juzi. Severa akasema, "Mama, sikiliza." Sikusikia kitu, na hilo ndilo alilotaka nisikie. Vyura wamenyamaza. Tukainua vichwa, na bonde lote lilikuwa linatembea kuja kwetu, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na matairi, na godoro, na mlango wa mtu.

Tuliacha vikapu. Severa alinishika kiuno, maana mguu wangu wa kulia si wa kukimbia, tukapanda ngazi. Nilipogeuka, matuta hayapo. Ngazi ya kwanza haipo. Tulikaa barazani tukihesabu. Ya pili. Ya tatu ilipofika saa nne, Severa akaanza rozari na mimi nikaitikia. Abdulrazak alikuwa juu barabarani na mwavuli, anapiga kelele tutoke kwa mlango wa nyuma. Nikamwambia Severa aende. Akasema, "Mama akitoka, natoka." Basi kiburi changu kingemuua na mtoto wa watu. Nikachukua picha ya baba ukutani na daftari hili, tukatoka, maji magotini, Abdulrazak akatupokea kwa mkono.

Kutoka kule juu ndipo nilipoona. Maji yalizunguka kisima, masale yakainama yote kwa pamoja, na yakaondoka. Yote. Miaka hamsini na tatu. Na kopo nalo nililiona likienda, dogo, jeupe, likizunguka.

Nililia barabarani kama mtoto. Watu wakadhani nalilia nyumba. Nyumba ilikuwa imesimama, maji yamepanda mpaka barazani yakakoma mlangoni. Nilikuwa nalilia masale. Kama Rogath angekuja sasa, angeonyeshwa nini?

Jumamosi, 27 Aprili

Nimelala kwa Severa Buguruni. Chumba kimoja, watu watano, na wamenipa kitanda. Miaka kumi na miwili sijawahi kuuliza anaishi vipi.

Alhamisi, 2 Mei

Tumerudi. Tope mpaka goti. Abdulrazak amekuja na koleo. Hajui kulitumia.

Jumamosi, 11 Mei

Nilikuwa natoa tope barazani. Nikasikia, "Hodi hapa," na sikuinua kichwa, nikajibu, "Karibu, mchicha hakuna." Ile sauti ikasema, "Sikufuata mchicha."

Amezeeka. Mvi mpaka kwenye nyusi. Begani ana kiroba, na kwenye mfuko wa shati jani langu, limekauka limekuwa kama ganda la ndizi, lakini fundo halijafunguliwa.

"Shikamoo, dada."

Nilimsogezea kiti cha baba. Hakukikalia, alikaa kwenye ngazi ya tano, akaniambia nikae mimi.

"Lilifika Jumatatu ya Pasaka," akasema. "Nimelitazama wiki sita. Nilitaka kuja siku ileile, nikaogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba nikija lazima nikuambie."

Akanieleza akitazama kisima. Baba aliomba arudi Dar, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Rogath akakataa, akaficha hata viatu vyake. Siku ya nne asubuhi Rogath alikuwa anamkatia ng'ombe majani, akamwona baba anatoka migombani peku, anashikilia migomba, na mkononi ana isale lililofungwa fundo.

"Baba mzazi, dada. Ananiletea isale mimi, mtoto wake. Alisema, 'Rogath, kihamba hiki nilipewa na ukoo. Nyumba ile niliinunua mwenyewe. Na Winifrida yuko kule, lazima nimuage. Kibosho nitarudi tu, hata nikiwa nimelala.' Ningefanyaje? Niambie, ningekataa?"

Hakuna anayekataa. Ndiyo maana baba alilileta.

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. "Siku ile, mbele ya watu, kwa nini hukusema?"

"Niseme kwamba baba yangu alinipigia magoti mimi mwanawe? Bado hajafunikwa? Afadhali mimi niitwe muuaji."

Mungu wangu. Alikuja kuniaga mimi. Zile siku mbili barazani nilikuwa namgombeza kwa nini amesafiri, namwambia miguu, namwambia dawa, na yeye anatabasamu tu, ananitazama. Nilidhani ni homa.

Nilishuka kwenye kiti nikapiga magoti kwenye tope mbele ya mdogo wangu. Akaniinua haraka. "Dada, acha, majirani." Nikamwambia, "Nisamehe, Rogath." Akasema, "Nilishapokea. Ona," akagusa mfuko wa shati.

Kisha akafungua kiroba. Miche ya masale, kumi na minne, imefungwa kwenye majani mabichi ya migomba, kutoka kihamba cha baba. Alisikia redioni habari za mafuriko.

Jumapili, 12 Mei

Tumepanda baada ya misa. Rogath anachimba, mimi nashika mche, Severa anamwagia maji, kana kwamba ardhi hii ina kiu. Abdulrazak amekuja na kopo jipya, lenye mfuniko wa kubana. Amemsalimia Rogath, akasema, "Mimi ndiye mharibifu." Rogath akamwambia, "Mzee, ungekuwa na kamba siku ile, nisingekuwa hapa."

Mchana, wao wakila barazani, nilishuka peke yangu na kopo. Nikaweka pipi za dukani, sikuzihesabu, nikalificha. Nikarudi nikasimama kwenye ngazi.

"Rogath. Hatua ishirini kutoka kisimani, uso uelekee jua linakozama, halafu tano mkono wa kulia."

Aliacha kijiko. Abdulrazak akachomoa simu, akasema atampita kwa mitambo. Mzee wa miaka hamsini na tisa na mzee wa sitini na sita, wanakimbia kwenye tope! Simu ikampeleka Abdulrazak mpaka ukingo wa mtaro, anazunguka. Rogath alitembea kwa hatua ndefu, ndefu kuliko miguu yake, hatua za baba, na akaliinamia moja kwa moja.

Nilicheka mpaka nikashika nguzo.

Akarudi, akazimwaga pipi barazani, akagawa kwa makini kama anagawa urithi. Nne huku, nne huku. Tukabaki tunaitazama moja iliyo katikati.

"Chagua kwanza," akasema.

Nikachagua. Ya tisa hakuna aliyeigusa. Rogath akairudisha ndani ya kopo, akaomba kalamu yangu, na kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya la Abdulrazak akaandika, nami nikamsahihisha tarehe:

"Rogath na Winifrida. Tumechukua nane, tumemwachia baba moja."